Nani Humsahihisha Mtoto? Tahakiki ya Hoja ya Mrejesho wa Wazazi katika Umilisi wa Sarufi kwa Kuzingatia Mazingira ya Ndalambo, Momba

Utangulizi

Mjadala kuhusu nafasi ya mzazi katika umilisi wa sarufi ya mtoto umedumu kwa zaidi ya nusu karne, na katika muda wote huo swali limekuwa lile lile: je, mtoto anapokosea sarufi, mzazi humwonesha kwamba amekosea? Majibu yamepishana sana. Hata hivyo, wanaopishana wamekubaliana juu ya mambo mawili bila kuyajadili. La kwanza ni kwamba anayestahili kuchunguzwa ni mzazi, na hasa mama. La pili ni kwamba mrejesho, kama upo, utaonekana katika kauli ya mtu mzima inayorudia maneno ya mtoto. Tahakiki hii inadai kwamba makubaliano hayo yamezaliwa na nyumba pamoja na lugha zilizochunguzwa, na kwamba yakihamishiwa kata ya Ndalambo, Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe, humfanya mtafiti ahesabu kisichokuwapo na kukipita kilicho mbele ya macho yake.

Ndalambo haikuteuliwa kwa sababu ya upekee wake, bali kwa sababu inafanana na maeneo mengi ya Tanzania bara. Kinyamwanga, ambacho katika uainishaji wa Guthrie kimo katika ukanda M kwa namba M22, ndiyo lugha ya nyumbani kwa familia nyingi za eneo hilo, na huzungumzwa pia ng'ambo ya mpaka nchini Zambia. Kinyiha, jirani yake mwenye namba M23, kimeenea zaidi upande wa Mbozi, wilaya ambayo Momba ilimegwa kutoka kwayo mwaka 2012, kabla Songwe haijatengwa na Mbeya na kuwa mkoa mwaka 2016. Kiswahili ni lugha ya shule, zahanati, ofisi ya kata na sehemu kubwa ya soko. Kwa anayefika Tunduma na kuvuka kwenda Nakonde, Kibemba nacho huingia masikioni. Kwa hiyo mtoto wa Ndalambo anakua katikati ya sarufi mbili za Kibantu zinazofanana kwa mpango na kutofautiana kwa maumbo, na wanaozisema mbele yake hawazimiliki zote kwa kiwango kimoja. Jambo hilo la mwisho ndilo litakaloleta ugumu hapa chini.

Ieleweke tangu mwanzo kwamba mifano ya Kiswahili inayotumika humu imetungwa ili kudhihirisha hoja. Haikunukuliwa kutoka kwa mtoto wala mlezi yeyote. Alama ya nyota inaonesha umbo lisilokubalika katika Kiswahili Sanifu.

Hoja ilivyojengwa

Skinner alipochapisha kitabu chake kuhusu tabia ya kiusemi mwaka 1957, alilitazama tendo la kusema kama tabia inayoimarishwa na matokeo yake. Uhakiki wa Chomsky wa mwaka 1959 uliitikisa hoja hiyo kwa nguvu, lakini haukuwa na data ya mazungumzo ya mama na mtoto. Data hiyo ililetwa na Brown na Hanlon (1970), waliochunguza usemi wa watoto watatu waliokuwa wakifuatiliwa na kundi la Roger Brown katika Chuo Kikuu cha Harvard. Matokeo yao yametajwa mara nyingi kiasi kwamba wengi huyarudia bila kurejea ushahidi wenyewe. Walichokiona ni kwamba kukubali na kukataa kwa mzazi hakukuandamana na usahihi wa sarufi. Kuliandamana na ukweli wa jambo lililosemwa. Mtoto aliyekosea kiwakilishi cha jinsia huku akisema ukweli kwamba mama yake ni mwanamke aliungwa mkono. Aliyetunga sentensi safi kuhusu siku ya kipindi cha televisheni alikanushwa, kwa kuwa siku ilikuwa nyingine.

Kabla ya hapo, Gold (1967) alikuwa amethibitisha kihisabati kwamba kuna makundi ya lugha ambayo mwanafunzi anayepewa mifano sahihi peke yake hawezi kuyatambua kwa uhakika, ilhali anayeambiwa pia kipi si sahihi anaweza. Matokeo hayo mawili yalipounganishwa, hitimisho lilionekana halikwepeki: mtoto hapewi ushahidi hasi, na bila ushahidi hasi sarufi haipatikani kwa mifano tu, basi sehemu kubwa ya sarufi lazima iwe imo ndani yake tangu kuzaliwa. Hoja hiyo imejengwa kwa ustadi. Udhaifu wake uko katika hatua ya kwanza, kwa kuwa Brown na Hanlon walipima kukubali na kukataa kwa uwazi, na kutoka hapo wafuasi wao wakaruka hadi kudai kwamba hakuna mrejesho wa aina yoyote.

Wapinzani waliingia kupitia mwanya huo. Hirsh-Pasek, Treiman na Schneiderman (1984) walionesha kwamba akina mama wa watoto wa miaka miwili walirudia takriban asilimia 20 ya kauli zenye makosa, lakini asilimia 12 tu ya kauli sahihi. Kwa watoto wakubwa zaidi tofauti hiyo haikujitokeza. Bohannon na Stanowicz (1988) waliongeza kwamba hata watu wazima ambao si wazazi wa mtoto huitikia kauli mbovu tofauti na wanavyoitikia kauli nzuri. Chouinard na Clark (2003), kwa data ya watoto watano, watatu wa Kiingereza na wawili wa Kifaransa, walionesha kwamba watu wazima huzisema upya kauli zenye makosa kuliko wanavyozirudia zile sahihi.

Marcus (1993) alijibu kwa hesabu. Ikiwa tofauti ni ya asilimia chache tu, mtoto angelazimika kurudia sentensi ile ile zaidi ya mara 85 ili awe na hakika kwamba ni mbaya. Hakuna mtoto anayefanya hivyo. Jibu la Saxton (1997) lilikuwa kubadilisha kinachopimwa. Kwake, nguvu ya mrejesho haimo katika wingi wake bali katika ukaribu: umbo la mtoto na umbo la mtu mzima vinapofuatana papo hapo, mtoto huona kwamba moja linapingana na lingine. Tofauti kati ya Marcus na Saxton ni muhimu kwa hoja inayofuata, kwa sababu katika lugha za Kibantu mmoja wao huanguka na mwingine husimama.

Neno moja linalobeba masahihisho

Tafiti zote zilizotajwa hapo juu, isipokuwa sehemu ya Kifaransa katika kazi ya Chouinard na Clark, zilishughulika na Kiingereza, lugha ambayo kitenzi chake huonesha upatanisho na kiima kwa uchache sana. Ili kusahihisha kosa la mtoto wa Kiingereza, kwa kawaida mtu mzima hana budi kulitaja tena neno lililokosewa. Ndiyo maana vigezo vya usimbaji vilivyotumika vinauliza swali moja kubwa: je, kauli ya mtu mzima ina maneno ya mtoto ndani yake? Ikiwa nayo, ni mrejesho. Ikiwa haina, ni mwendelezo wa mazungumzo tu, na huwekwa kando.

Sasa atazamwe mtoto anayesema *Kisu imepotea, na kaka yake akauliza: Ulikiweka wapi? Katika swali hilo hakuna neno hata moja la mtoto. Hakuna kisu, wala kupotea. Kwa vigezo vya mwaka 1984, kauli hiyo si urudiaji wa aina yoyote. Kaka ameendeleza mazungumzo tu. Hata hivyo, ndani ya kitenzi mna kiambishi -ki- cha yambwa, nacho kinasema waziwazi kwamba kisu si nomino ya kupatanishwa na i-. Mtoto mwingine aseme *Vikombe imeanguka, na bibi aulize neno moja tu: Vingapi? Neno hilo limejibu habari, limeuliza idadi na limeweka upatanisho wa ngeli mahali ulipokosekana. Kiingereza hakina njia ya kufanya hivyo kwa neno moja. Kiswahili, Kinyamwanga na lugha nyingine za Kibantu haziwezi kuepuka kufanya hivyo.

Hapa ndipo penye kiini cha tahakiki hii. Katika lugha yenye upatanisho ulioenea, mrejesho haumo katika kurudia nomino. Umo katika kila kinachoirejelea nomino hiyo baada ya kutajwa, yaani kiambishi cha kiima, cha yambwa, kimilikishi, kionyeshi na kiulizi. Sentensi kama Vikombe vyangu viwili vimeanguka hubeba alama ya ngeli mara nne, na anayeijibu akidondosha nomino yenyewe bado hana budi kuibeba alama ile. Mtafiti anayeingia Ndalambo na daftari la usimbaji lililotengenezwa kwa Kiingereza atarudi na takwimu zinazoonesha kwamba wazazi hawatoi mrejesho. Takwimu hizo zitakuwa zao la daftari.

Pingamizi la wazi lipo, na ni la haki. Mfuasi wa Marcus atasema kwamba Ulikiweka wapi? ingeulizwa hata kama mtoto angesema Kisu kimepotea bila kosa. Ikiwa upatanisho sahihi hufuata kauli nzuri na mbovu kwa usawa, basi hakuna tofauti ya wingi, na pasipo tofauti ya wingi hakuna mrejesho bali mifano ya kawaida tu. Pingamizi hilo linawabana Hirsh-Pasek na wenzake, ambao hoja yao yote imesimama juu ya tofauti ya wingi. Halimbani Saxton. Baada ya kauli sahihi, -ki- ya kaka inakubaliana na ki- ya mtoto na hakuna kinachopingana. Baada ya kauli yenye kosa, -ki- inakutana uso kwa uso na i-. Wingi ni ule ule. Mgongano upo upande mmoja tu. Kwa hiyo lugha za Kibantu zinatoa kipimo kizuri cha kutenganisha nadharia hizo mbili, kipimo ambacho Kiingereza hakiwezi kukitoa, na ni ajabu kwamba hakijatumika ipasavyo. Huenda sababu ni mazoea ya kuzichukua lugha hizi kama mahali pa kuthibitishia nadharia zilizokwisha kuundwa kwingine. Katika tasnifu nyingi za Kiswahili, sehemu ya kiunzi cha nadharia huandikwa kana kwamba nadharia ni nguo iliyoshonwa tayari, na data ndiyo inayopaswa kupunguza unene.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Demuth, katika kazi zake za muda mrefu juu ya watoto wa Kisotho nchini Lesotho, ameonesha kwamba watoto hao humudu upatanisho wa ngeli mapema, na kwamba makosa yao ya mwanzo huwa zaidi ya kudondosha viambishi kuliko ya kuweka kiambishi cha ngeli nyingine. Deen (2005) aliona mwelekeo wa namna hiyo kwa watoto wa Kiswahili cha Nairobi. Ikiwa mtoto wa Kibantu hachanganyi ngeli mara nyingi katika lugha yake ya kwanza, basi nafasi za kumsahihisha ni chache, na *Kisu imepotea inaweza kuwa kosa linalotungwa na wanaisimu kuliko linalosemwa na watoto. Pingamizi hili lazima likubaliwe kwa sehemu kubwa. Kinachobaki ni kuuliza: pale ambapo kosa la aina hiyo linasikika kweli, na katika Kiswahili cha bara linasikika sana, limetoka wapi?

Kosa la nani?

Jibu la kwanza ni kwamba mara nyingi halikutoka kwa mtoto. Katika maeneo mengi ambako Kiswahili ni lugha ya pili, wasemaji wazima huelekea kuzipunguza ngeli na kuzikusanya nomino nyingi zisizo za viumbe hai chini ya upatanisho wa i- na zi-. Kiti yangu, kitabu hii na jembe imevunjika ni maumbo yanayosikika sokoni, kwenye mabasi na hata katika mikutano ya hadhara. Wanaosema hivyo wanasema kwa kanuni. Si kwamba ulimi umeteleza. Mtoto anayesema *Kisu imepotea katika nyumba yenye sarufi hiyo hajakosea. Amejifunza alichofundishwa, na kwa usahihi.

Hapa ndipo kazi ya Deen inapostahili sifa kuliko inazopewa. Kabla hajadai kwamba watoto wanne aliowachunguza Nairobi walidondosha viambishi vya nafsi na vya njeo, alieleza kwanza Kiswahili cha watu wazima wa Nairobi wenyewe, si kile cha vitabu vya sarufi. Akaona kwamba watu wazima hao nao hudondosha kiambishi cha nafsi katika mazingira fulani. Bila hatua hiyo, sehemu ya usemi wa watoto ingehesabiwa kuwa makosa ilhali ni urithi. Lawama inayoweza kuelekezwa kwake ni kwamba alisimama kwenye umbo la sarufi na hakuuliza jinsi watu wazima walivyoitikia. Lakini mpangilio wake ndio sahihi: kwanza sarufi ya wanaomzunguka mtoto, kisha sarufi ya mtoto, na mwisho mrejesho. Tafiti zinazokwenda moja kwa moja kwenye mrejesho na kuchukua Kiswahili Sanifu kuwa kipimo zimeruka ngazi mbili.

Kiswahili Sanifu chenyewe, ifahamike, hakimpi mtoto picha ya mstari ulionyooka. Katika Rafiki yangu amekuja, kimilikishi kimefuata ngeli ya umbo, na kitenzi kimefuata uhai wa mrejelewa. Mtoto anayesikia yangu na a- zikikaa juu ya nomino moja, kisha akaambiwa kwamba *Kiti yangu amevunjika haikubaliki, ana haki ya kushangaa. Mrejesho wa mzazi katika eneo hilo la sarufi hauwezi kuwa wa ndiyo na hapana, kwa sababu sarufi yenyewe si ya ndiyo na hapana.

Adabu kama sarufi

Ugunduzi wa Brown na Hanlon kwamba wazazi hukataa uongo na si sarufi mbovu unadokeza mgawanyo: huku maana na mwenendo, kule umbo. Mgawanyo huo unafanya kazi katika Kiingereza cha leo, kisicho na kiambishi cha heshima. Haufanyi kazi katika lugha ambazo heshima imo ndani ya viambishi vya nafsi.

Katika lugha za ukanda huu, Kibemba na Kinyakyusa zikiwemo, mkubwa husemeshwa kwa nafsi ya pili wingi hata akiwa peke yake. Mtoto anayemwita babu yake kwa kiambishi cha umoja amefanya kosa la adabu, na kosa la adabu halisubiri. Atakatizwa hapo hapo, pengine kwa ukali, pengine kwa kuambiwa maneno anayopaswa kuyasema na kutakiwa ayaseme tena mbele ya waliopo. Mzazi, akiulizwa, atasema kwamba alikuwa akimfundisha mtoto heshima. Hatasema kwamba alikuwa akimfundisha mofolojia ya nafsi na idadi. Lakini hicho ndicho alichofanya, tena kwa uwazi ambao Brown na Hanlon waliutafuta bila kuupata. Ni ushahidi hasi katika maana kamili ya neno: kauli imekataliwa kwa sababu ya umbo lake, ukweli wa jambo lililosemwa haukuhusika, na umbo sahihi limetolewa papo hapo.

Ulinganisho na Kiswahili unafundisha. Kiswahili hakilazimishi wingi wa heshima katika kitenzi, ingawa karibuni humfikia mgeni mmoja. Heshima yake inabebwa zaidi na maamkizi, na hakuna mtoto wa Kitanzania asiyewahi kuambiwa amwamkie mgeni, akaanza kwa kusita, kisha akasema shikamoo kwa sauti ndogo. Masahihisho hayo ni ya wazi na ya mara kwa mara, lakini yanagusa neno moja lisilobadilika umbo. Kwa hiyo familia inayohama kutoka lugha yenye wingi wa heshima kwenda Kiswahili inahifadhi tabia ya kusahihisha na kupoteza sarufi iliyokuwa ikifundishwa kwa tabia hiyo. Hilo ni dai linaloweza kupimwa, na Ndalambo ni mahali pazuri pa kulipimia.

Ochs na Schieffelin (1984) walikuwa karibu na jambo hili walipoeleza kwamba wazazi wa Kikaluli nchini Papua New Guinea humwelekeza mtoto la kusema, na Demuth (1986) alilionesha kwa Basotho waziwazi zaidi, katika uchambuzi wake wa jinsi watoto wanavyoambiwa waseme hivi na hivi. Kasoro ya kazi hizo, hasa ya kwanza, ni jinsi zilivyosomwa. Wasomaji wamezichukua kama ushahidi kwamba jamii zisizo za Magharibi hufundisha mwenendo na kuiacha sarufi ijifunze yenyewe. Yaani mgawanyo wa Brown na Hanlon umerudishwa kupitia mlango wa nyuma na kuvikwa sifa ya utamaduni.

Sikio la mwenzake

Kuhusu nani anayetoa mrejesho, mengi yamekwisha kusemwa na hayahitaji kurudiwa kwa urefu. Afrika Mashariki ilichunguzwa mapema. Blount alifanya kazi miongoni mwa Wajaluo wa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960 na baadaye akalinganisha usemi wa wazazi wao na wa Wasamoa (1972). Harkness (1977) aliangalia watoto wa Kipsigis wa Kokwet wakisemeshwa na mama zao na pia na watoto wenzao wanaowalea. LeVine na wenzake (1994) walieleza kwamba mama wa Kikisii, akilinganishwa na mama wa Boston, aliweka ulinzi na utulizaji wa mtoto mchanga mbele ya mazungumzo naye.

Kazi ya LeVine imetumiwa vibaya na baadhi ya wanaoinukuu, kana kwamba kusemeshwa kidogo na mama ni kusemeshwa kidogo. Mtoto anayebebwa na dada mwenye miaka minane anasemeshwa siku nzima. Dada huyo hana subira ya mwalimu wala haya ya mtu mzima. Mdogo wake akikosea, atamcheka, ataigiza kosa lake mbele ya wenzake, na jioni kwenye vitendawili kosa lile lile litarudi kama mzaha. Hakuna usimbaji unaojulikana katika mjadala wa ushahidi hasi wenye safu ya kicheko. Ilhali kicheko ni mrejesho usiohitaji kurudiwa mara 85. Mara moja inatosha, na wakati mwingine inazidi. Inawezekana kwamba kinafundisha vibaya, kwa kuwa kinamwambia mtoto kwamba amekosea bila kumwambia wapi. Hilo ndilo swali ambalo kigezo cha Saxton kingeweza kulijibu, iwapo rekodi zingefanywa kisimani na si sebuleni tu.

Ushauri unaotolewa kwa wazazi

Kama mjadala huu ungekuwa wa wananadharia peke yao, ungeweza kusubiri. Lakini una mkono wake katika maisha ya mtoto anayeanza darasa la kwanza. Tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 imezitambua lugha za jamii kuwa hazina ya taifa, lakini hazina hiyo haina nafasi darasani. Katika hali hiyo, ushauri unaosikika mara kwa mara ni kwamba wazazi wa vijijini waache lugha ya jamii na wazungumze Kiswahili nyumbani ili watoto wasipate shida shuleni.

Ushauri huo umejengwa juu ya dhana ya kwamba mzazi ni chombo kinachoweza kubadilishiwa lugha bila kubadilika ubora wa anachorudisha. Yaliyojadiliwa hapo juu yanaonyesha vinginevyo. Mama anayesema Kinyamwanga tangu utotoni ana mfumo kamili wa ngeli, na kila jibu lake kwa mtoto lina upatanisho usioyumba. Mgongano anaokutana nao mtoto akikosea ni thabiti: leo, kesho na kesho kutwa, kwa mama, kwa bibi na kwa jirani. Mama huyo huyo akilazimishwa kuongea Kiswahili alichokipata ukubwani sokoni Tunduma, huenda akasema kiti yako leo na kiti chako kesho. Mgongano unaomfikia mtoto hauna mwelekeo. Kwa lugha ya Marcus, kelele zimezidi ishara. Kwa lugha ya Saxton, hakuna utofauti wa kudumu wa kuuona. Mtoto ameondolewa katika sarufi ambayo watu wazima wanaweza kumsahihisha kwa uhakika na kuwekwa katika ile wasiyoweza, kwa jina la kumsaidia.

Haifuati kutoka hapo kwamba Kiswahili cha nyumbani kina madhara popote kinaposemwa. Nyumba ambazo wazazi wamekuwa na Kiswahili tangu utotoni, na ziko nyingi Tunduma mjini, haziguswi na hoja hii. Wala haifuati kwamba kila mzazi wa Ndalambo huchanganya ngeli. Kiwango cha kuchanganya hutofautiana kwa umri, kwa miaka ya shule na kwa safari za biashara, na ndicho kinachopaswa kupimwa kwanza nyumba kwa nyumba. Kinachofuata ni kwamba ushauri mmoja kwa wote hauna msingi katika fasihi ya umilisi wa lugha, hata katika ile inayoamini kwa dhati nguvu ya mrejesho. Alcock na wenzake (2015), walipoandaa vipimo vya maendeleo ya lugha kwa watoto wa Kiswahili na Kigiriama huko Kilifi, Kenya, waliwategemea wazazi wasiojua kusoma kama watoa taarifa na kupata taarifa za kuaminika. Mzazi wa kijijini anajua mtoto wake anasema nini. Kinachohitajika ni kumuuliza katika lugha anayoisikia vizuri.

Mwalimu wa darasa la kwanza anayekuta Kitabu yangu imechanika katika kinywa cha mtoto wa Ndalambo kwa kawaida huandika kwamba mtoto ni dhaifu katika sarufi. Kabla ya kuandika hivyo, anahitaji kujua mambo ambayo hakuna fomu ya shule inayoyauliza: ni nani aliyemjibu mtoto huyo nyumbani aliposema hivyo mara ya kwanza, alimjibu kwa lugha gani, na katika jibu hilo alisema imechanika au kimechanika.